Mtambo Uliosogezwa

Kazi ya kutafuta upepo niliipata kwa sababu ya mdomo wangu. Mkataba wangu wa kufundisha chekechea ulikuwa umeisha, nami nimerudi kuishi na mama kule Masii. Siku moja ya soko nilimkuta mwanamke mgeni, buti zake zimejaa vumbi jekundu, akimuuliza muuza mbuzi njia ya kupanda kilima kilicho nyuma ya soko. Muuza mbuzi alitaka kwanza kujua anakipandia nini. Mgeni hakujua Kikamba, na muuza mbuzi, ingawa Kiswahili anakijua vizuri, alikuwa ameamua kwamba siku hiyo hakijui. Nikaingia katikati. Nilipomaliza kuwapatanisha, yule mwanamke akanigeukia.

"Dada, wewe unafanya kazi gani?"

"Kwa sasa, hii."

Akacheka. Ndivyo nilivyomjua injinia. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa, kule magharibi, na kampuni yake ilikuwa imemtuma atafute mahali pa kujenga shamba la upepo: mitambo mirefu yenye mapanga matatu, inayogeuza upepo kuwa umeme. Alihitaji mtu wa kuzungumza na wenyeji. Juma lililofuata nilipanda gari lao nikiwa na kofia ya mama kichwani, na nikaingia katika kazi ambayo sikujua kama ipo duniani.

Mwanzoni nilidhani kazi yenyewe ni rahisi. Nilimwambia injinia kwamba upepo Ukambani si wa kutafutwa, ukifika mwezi wa nane unang'oa mabati.

"Huo wa kung'oa mabati siutaki," akasema. "Mimi nataka ule unaokuja kila siku kama mwalimu mkuu."

Kisha akanifundisha, kidogo kidogo, tukiwa njiani. Kwamba upepo peke yake hautoshi. Lazima kuwe na njia ya kupitisha malori marefu, na nyaya kubwa za umeme zisiwe mbali, na nyumba zisiwe karibu, na ndege wa angani wawe na pa kupita. Kwamba kilima kinaweza kuwa na kila kitu kikakosa kimoja, na hicho kimoja kikakifuta.

Kilima cha kwanza kilikuwa upande wa Kyumbi. Upepo ulikuwa mzuri, barabara ilikuwa nzuri, lakini nyumba zilikuwa zinapanda mlimani huku tunatazama. Leo unaona msingi, ukirudi unakuta mapazia. Pia ndege za abiria zilipita chini chini zikielekea Nairobi. Injinia alizitazama mara moja tu, akarudi kwenye gari.

Cha pili kilikuwa kile kilima chetu cha Masii. Hapo mimi nilikuwa na matumaini yangu ya siri. Nilishaona barabara ya lami, nilishaona vijana wetu wamevaa kofia ngumu. Lakini upepo uliopanda kutoka bondeni ulifika juu umevurugika, mara unakuja huku, mara kule, na mitambo haipendi upepo wa namna hiyo, unaichosha mifupa. Nilipompelekea mama habari, alikuwa anachambua muthokoi, mahindi ya kukoboa. Aliacha mkono wake hewani.

"Hata upepo wetu umekataliwa?"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Basi tukaenda Masinga. Juu ya upande mmoja wa bwawa kuna mgongo mrefu wa ardhi, hauna miti mingi, migunga mifupi tu na mawe, na migunga yenyewe imelalia magharibi yote kama watu wanaosukumwa mlangoni. Injinia alishuka garini, akaitazama ile miti. Nyaya kubwa zinazotoka kwenye bwawa zilipita si mbali. Upepo ulitoka mashariki, umenyooka, hauna haraka. Aliniuliza upepo unaitwaje kwa Kikamba. Nikamwambia ni kiseve. Tangu siku hiyo akawa anasalimia kila mtu kwa neno hilo, "Kiseve!" huku amenyoosha mkono, na watu wa pale, ambao si wepesi wa kucheka na wageni, wakaanza kumwitikia, "Kiseve!"

Tulisimamisha mlingoti wa chuma wenye vikombe vidogo vinavyozunguka, vya kupimia upepo, na tukawa tunarudi pale majira yote, kiangazi na mvua. Siku hizo ninazikumbuka kwa shukrani. Dereva wetu alikuwa mtu mzima wa mjini Machakos, Mwislamu, mzaliwa wa pale pale ingawa babu yake alitoka pwani na biashara ya vitambaa. Alilijua kila korongo la barabara ile. Saa ya sala alitandika mkeka wake kwenye kivuli cha gari, nasi tulikaa upande wa pili, juani, tukimsubiri, na akimaliza alitugawia tende kutoka kwenye mkebe wa siagi. Hakuwahi kuuliza tutakaa mpaka saa ngapi.

Jambo la kwanza lililorekebishwa pale lilikuwa la ndege. Korongo na ndege wengine wa majini walipita ncha ya kusini ya mgongo ule asubuhi wakiteremkia bwawani, makundi kwa makundi. Injinia alikaa na darubini kwa muda mrefu, kisha akaifuta ncha ile yote kwenye ramani. Nilimuuliza kama haimuumi. Akasema, "Wao walifika kwanza."

Baada ya vipimo kutosha ikaja siku ya kuzungumza na watu wote. Tulikutana kanisani, kwa sababu ndilo jengo lililotosha. Chifu mdogo alifungua kikao, injinia akaeleza kwa Kiswahili, mimi nikaeleza tena kwa Kikamba, maana wazee wengi walitaka kulisikia jambo katika lugha ambayo hawawezi kudanganywa.

Maswali yalikuwa mengi. Mwanamume mmoja aliuliza kama yale mapanga yatakata mawingu, mvua ikose. Mwingine aliuliza kama mbuzi wenye mimba wataharibu kwa kelele. Injinia hakulicheka hata swali moja. La mvua alilijibu, la mbuzi alisema wa kwingine wanachunga chini ya mitambo bila shida, lakini atawapeleka wateule wachache wakajionee wenyewe badala ya kumwamini yeye.

Ndipo akasimama mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango. Alikuwa wa makamo, amejifunga leso mbili, na alizungumza Kiswahili chake polepole akinitazama mimi, si injinia.

"Mimi niko na swali la kivuli. Nyumba yangu iko hapo chini ya mlima. Jua linatokea nyuma ya huo mlima. Hiyo kitu ikizunguka asubuhi, kivuli yake itapita kwa nyumba yangu?"

Injinia akaanza kujibu kwamba hilo hupimwa, lakini yule mama alikuwa hajamaliza.

"Nauliza kwa sababu niko na msichana ana kifafa."

Mwanamke aliyeketi karibu naye alimvuta leso kumketisha. Nyuma, mzee mmoja alisema kwa Kikamba, si kwa ubaya, kwamba mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Yule mama hakuketi.

"Alianguka kutoka kwa boda boda," akaendelea. "Wakipita pale kwa miti ya barabara, asubuhi, jua linawaka linazima, linawaka linazima, katikati ya miti. Akaanguka. Tangu hiyo siku hajarudi shule. Sasa hiyo jua ya kuwaka na kuzima, mnataka kuniletea ndani ya nyumba?"

Nilipaswa kuyatafsiri maneno yale kwa Kikamba kwa ajili ya wazee. Nilifungua mdomo, sauti haikuja. Injinia alinitazama. Nikayatafsiri, sentensi moja baada ya nyingine, nikiangalia ukutani.

Niseme kwa nini. Ndugu yangu aliyenifuata alikuwa na kifafa. Nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka neno hilo. Wageni wakija, aliingizwa chumba cha ndani. Kanisani hakwenda, shuleni alikwenda kidogo tu. Alifariki siku moja alipoanguka, mimi nikiwa chuoni, na baada ya mazishi hata jina lake lilizikwa. Mama hakulitaja tena, nasi watoto tukajua kwamba halitajwi. Nilikuwa nimeishi mpaka utu uzima sijasikia mzazi hata mmoja akisimama mbele ya watu na kusema: mtoto wangu ana hili, mtafanya nini.

Injinia aliacha meza ya mbele, akatembea mpaka mlangoni.

"Mama, nitakuja kwako. Sijui jibu sasa hivi, na sitaki kukudanganya."

Tulikwenda siku iliyofuata. Nyumba ilikuwa ya matofali, safi, dirisha lake kubwa limetazama mashariki, limetazama mgongo wa mlima wote. Msichana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi anasuka kiondo, kamba amezizungusha kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa na kovu juu ya nyusi. Nilitarajia mtoto mwenye haya. Alinisalimia, "Shikamoo anti," kisha akamgeukia injinia na kumuuliza mapanga huzunguka mara ngapi kwa dakika.

Injinia akavuta kigoda. Wakazungumza kama watu wa kazi moja. Alimwambia kwamba mitambo mikubwa huzunguka polepole, si kama taa za disko, na kwa aliyoyasoma si rahisi mwendo ule kumwangusha mtu.

"Si rahisi," yule msichana akasema. "Lakini inawezekana?"

"Siwezi kukuapia kwamba haiwezekani."

"Na hata nisipoanguka, nitakuwa nakaa hapa kila asubuhi nikingoja kuanguka."

Mama yake alikuwa amesimama na sufuria mkononi. Akasema, "Mimi sikatai umeme. Hata mimi nataka taa. Nakataa hiyo kivuli."

Injinia alipima mahali dirisha lilipo, akapima mlango, akapima hata jiko lililokuwa nje. Jioni hiyo kompyuta yake ilimchorea mahali jua litakapokuwa asubuhi za mwaka mzima. Kivuli cha mitambo miwili kingepita juu ya nyumba ile, miezi fulani, watu wakinywa chai.

Aliwapigia wakubwa wake Nairobi tukiwa barabarani, simu ameiweka kwenye spika ili aandike. Mimi na dereva tulisikia yote. Sauti ya mwanamume ilisema kwamba pale ndipo penye upepo bora kuliko mlima wote. Ikauliza kama ile familia haiwezi kuhamishwa, ijengewe nyumba nzuri zaidi mahali pengine.

"Niliwauliza," injinia akajibu. "Mume wa huyo mama amezikwa hapo. Hahami."

"Basi apande miti dirishani."

"Miti ndiyo iliyomwangusha huyo mtoto."

Sauti ikasema miezi michache ya kivuli kwa mwaka ni jambo la kawaida, kwingine watu wanavumilia. Nilimwona injinia kwenye kioo akijishika paji la uso.

"Mimi ndiye nitakayeweka sahihi kwenye hiyo ramani," akasema. "Mtambo mmoja nautoa. Wa pili nausogeza ng'ambo ya yale mawe makubwa, kivuli chake kisiifikie nyumba. Tutapoteza upepo kidogo. Kama hamtaki, tafuteni mtu mwingine wa kuweka sahihi."

Mtu wa Nairobi alisema atampigia baadaye. Dereva ndiye aliyeongea kwanza.

"Injinia, wakikufukuza, gari hili nitalirudisha likiwa na matope hivi hivi. Waoshe wenyewe."

Injinia akacheka huku anapangusa macho.

Usiku ule nilimsimulia mama. Sikupanga. Nilianza na maswali ya mbuzi, kwa sababu nilijua yatamfurahisha, kisha nikajikuta nimefika kwa yule mama wa mlangoni. Niliposema neno kifafa, mama aliacha kula. Nilimwambia yote, hata lile la mzee aliyesema mambo ya nyumbani yabaki nyumbani.

Mama alinawa mikono. Halafu akalitaja jina la ndugu yangu. Alilitaja kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anamwita aje ale.

"Alipenda mvua ikinyesha kwa mabati," akasema. "Unakumbuka? Alikuwa anapiga makofi."

Sikukumbuka. Nikamwomba aniambie zaidi. Akaniambia namna alivyombeba mgongoni mpaka kwa mganga, na namna alivyombeba kumrudisha. Namna alivyojua dakika chache kabla hajaanguka, kwa kuangalia mkono wake wa kushoto. Aliniambia kwamba chumba cha ndani hakikuwa cha kumwonea haya. Watu walikuwa wakisema ni mapepo, na alikuwa anawaogopa watu, si mtoto.

"Nilidhani nikimtaja nitawaumiza ninyi," akasema.

"Nasi tulidhani tutakuumiza wewe, mwaitu, mama yangu."

Tukabaki hapo na sahani zetu. Namshukuru Mungu kwa jioni ile kuliko kwa mishahara yote niliyolipwa.

Siku chache baadaye Nairobi walipiga simu. Walikubali. Hawakusifu, hawakulalamika; walisema tu ramani irekebishwe. Tulirudi mlimani, tukang'oa vigingi viwili vilivyoonyesha mahali pa mitambo ile na kupigilia kimoja mbele zaidi, ng'ambo ya mawe. Msichana alipanda mlima pamoja nasi, amevaa kofia ya injinia, na alikuwa mkali: alisimama mahali kigingi kipya kilipo, akaitafuta nyumba yao kwa macho, na alipoona mawe yameificha ndipo akakubali tuendelee.

Lakini injinia hakuweza kuufanya ugonjwa uondoke. Hapo ndipo dereva wetu alipotuzidi sote. Mke wake ni muuguzi mjini Machakos, na kliniki anamofanya kazi ina siku yake ya watu wa kifafa. Sisi tulikuwa tumemjua mwaka mzima bila kujua hilo, kwa sababu hatukuuliza. Yeye aliongea na mkewe, kisha akamwendea yule mama mwenyewe.

"Mama, dawa ziko. Zinataka tu kufuatwa bila kuruka. Mimi hupita hapa. Nitawachukua."

Msichana alikuwa amewahi kupewa dawa zamani, zikaisha, na safari ya kuzifuata ikawashinda. Siku ya kwanza ya kliniki mimi pia nilikwenda. Tulipotoka, mke wa dereva hakutaka kusikia habari ya hoteli. Alituchukua nyumbani kwake karibu na msikiti, akatupakulia pilau kwenye sinia moja. Yule mama wa Masinga, mzee wa kanisa lake, alisubiri wenyeji waseme bismillahi, naye akafunga macho akasema sala yake fupi. Kisha mikono yote ikaingia. Msichana alikula mpaka mwenye nyumba akamwita mchumba wa mwanawe, kwa utani, naye akajibu kwamba yeye ataolewa na digrii.

Amerudi shuleni. Haanguki kama zamani; akianguka, wenzake wameonyeshwa la kufanya, wanamlaza ubavu na kumngoja. Misingi ya mitambo imeanza kuchimbwa, nami ningali na kazi, siku hizi kuwasikiliza wenye mashamba yatakayopitiwa na barabara. Si wote wanaofurahi, na si kila jambo linasogezeka kama kigingi. Lakini nimeshaona jambo moja likisogezwa, na waliolisogeza ninawajua kwa sura.

Msimu wa mbaazi ulipofika, mama akaniambia anataka kwenda Masinga.

"Kufanya nini?"

"Kumwona huyo mama."

Dereva alimketisha mbele, akamfungia mkanda. Tulipofika, yule mama alikuwa uani na ungo wa mbaazi mbichi. Walisalimiana kwa urefu, kama wanavyosalimiana wanawake wa umri wao, wakaulizana mvua, mifugo, na watu wa kwao. Kisha mama akavuta kigoda, akachukua konzi ya mbaazi bila kuombwa, akaanza kuambua.

"Mimi pia nilikuwa na mmoja," akasema.

Mwenzake aliweka ungo chini. "Niambie habari zake."

Mimi na injinia tulikuwa tumesimama kando ya gari. Walizungumza kwa sauti ya chini, Kikamba kile cha zamani ambacho siku hizi hukisikii sokoni, na mara moja nilisikia mama anapiga makofi taratibu, kisha wote wawili wakacheka.

"Wanasema nini?" injinia akaniuliza.

"Wanaongea habari za watoto wao," nikamwambia, na sikutafsiri zaidi.